Filamu Niliyoihukumu Kabla ya Kuisafisha

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo na kavu, haikuzidi ile ya kuvunja kijiti: tak. Ilikuwa sauti ya mfuniko wa nyuma wa kamera yangu ukifunguka mikononi mwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani chini ya chuo, saa nne asubuhi, jua likiwa wazi. Kwa miaka kadhaa masikio yangu yalikuwa yamezoea sauti nyingine za Bujumbura ya vita, kubwa kuliko hiyo, na nilijua ipi ni ya kulala chini na ipi ni ya kuendelea kupika. Hii sikuwa nimejiandaa nayo. Ndani ya kamera mlikuwa na filamu, na mwanzoni kabisa mwa filamu hiyo alikuwamo mama wa rafiki yangu, ambaye tulikuwa tumemzika siku kumi na moja kabla.

Askari hakuwa mtu mbaya. Alitaka kujua kama nimeficha kitu, akafungua mahali ambapo kitu hufichwa. Alichungulia kama mtu anayechungulia chungu jikoni kwa wenyewe, akaigeuza kamera upande wa jua ili aone vizuri zaidi, akaifunga. "Endelea, dada," alisema, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Bila kukusudia nilikuwa nimehesabu. Zilikuwa sekunde tisa.

Ninaanza na sauti hiyo kwa sababu siku hizi watu wanaoanza kupiga picha kwa kujifurahisha hunijia chumbani kwangu Mutanga Sud, wakiwa na kamera za kurithi au za kuazima, na wote huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: nitajuaje kwamba sijaharibu? Huwa wanatarajia niwape kanuni. Mimi ni mtu wa kanuni. Ninaandika tasnifu ya kemia ya maji ya ziwa, ambayo haijaisha, na sidhani kama ninaweza kununua nyanya bila kufikiria makosa ya kipimo. Lakini kwa swali hilo sina kanuni. Nina filamu moja tu, na yaliyoipata.

Kamera niliachiwa na mhadhiri mgeni, wiki ile wageni wengi walipoondoka. Aliniita ofisini akanikabidhi mfuko, pamoja na filamu nne za nyeusi na nyeupe na kijitabu cha maelezo kilichochanika kurasa za katikati. Alikuwa na haraka ya uwanja wa ndege na sikumwuliza chochote. Kwa hiyo nilijifunza peke yangu, na nilijifunza ndani. Kupiga picha barabarani katika miaka ile kulikuwa ni kujitafutia maswali, na mimi maswali yangu yalinitosha. Nilianza na kikombe juu ya meza, dirisha likiwa kushoto. Ninawashauri wote waanze hivyo hata leo, kwa maana kikombe hakichoki, hakiulizi picha iko wapi, na mwanga unaokiangukia saa mbili asubuhi si ule wa saa kumi jioni. Atakayekitazama kikombe kimoja kwa wiki nzima ataona hivyo kwa macho yake, na hatahitaji mtu wa kumfundisha.

Nilikuwa na daftari. Kabla ya kila picha niliandika saa, hali ya mawingu, upana wa tundu la lenzi, kasi, na umbali kwa sentimita. Kisha ndipo niliposhika kamera. Kikombe kilivumilia.

Habari za kamera hiyo zilimfikia rafiki yangu aliyekuwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Tulikua pamoja Cibitoke, nyumba mbili, ua mmoja. Yeye alivuka na kubaki huko wakati mtaa wetu ulipokuwa haukaliki. Nyumba yao iliungua na picha zao zote ndani yake, hadi ile ya kipaimara. Mama yake alirudi baadaye, akapata chumba na cherehani ya kukodi, akaendelea kushona. Rafiki yangu aliniandikia barua fupi. Alisema hana sura ya mama yake popote ila kichwani, na kichwani imeanza kufifia upande wa mdomo. Niende nimpige picha. Nilimjibu kwamba nitakwenda Jumapili inayofuata, na nikaahidi kwa maandishi, jambo ambalo kwa kawaida siahidi.

Nilikwenda na kamera chini ya mafungu ya mboga za lengalenga kikapuni, na filamu mpya niliyoiweka nikiwa kwake, mgongo ukielekea mlangoni. Nilimkuta kazini. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni, kitambaa kichwani, sindano tatu zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Nilipomweleza nilichokuja kufanya, alikataa mara moja. Picha ya kumpelekea mtoto ng'ambo ya ziwa haipigwi na nguo za kazi. Atavaa imvutano yake, ile nguo ya heshima ya kufunga begani, ambayo kwa wakati huo ilikuwa kwa jirani aliyeiazima kwenda harusini. Nirudi Jumapili nyingine.

Nilisema sawa. Lakini niliomba nipime mwanga, ili Jumapili nyingine nisipoteze muda. Aliniruhusu, akarudi kwenye mshono wake. Nikatoa daftari. Nikapima umbali kutoka kiti hadi dirishani kwa hatua, kisha nikaomba utepe wake nipime upya kwa sentimita, kisha nikamrudishia. Nikaandika. Wingu likapita, nikafuta, nikaandika tena. Yeye alikuwa ameshona upande mzima wa sketi.

"We unapiga picha ao unafanya mutihani?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Nilipiga tatu. Ya kwanza kwa vipimo vyote. Ya pili kwa vipimo vyote, tundu likiwa dogo zaidi. Ya tatu sikuiandika popote, kwa sababu alikuwa amegeuka kunitania na kidole changu kilibonyeza kabla sijafikiri. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyekohoa kanisani. Nilipiga mstari mwekundu kwenye daftari: namba tatu, haina takwimu.

Jumapili iliyofuata barabara ilifungwa. Ile ya pili nilikuwa na homa. Ya tatu barabara ilikuwa wazi na mimi mzima, nami nilijiambia kwamba mawingu ni mengi na picha itakuwa hafifu, ni bora nisubiri. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoirudia kichwani.

Wakati huohuo filamu ilikuwa ndani ya kamera. Ilikuwa miaka ya vikwazo, mipaka imefungwa, na duka lililokuwa na filamu leo kesho halikuwa nayo. Hakuna aliyepeleka studio filamu isiyojaa. Ilikuwa desturi kama ya kutomwaga maji ya kuoshea mchele. Watu walibaki na ubatizo na maziko ndani ya kamera moja, wakingoja tukio la kuimalizia. Mimi niliimalizia kwa vikombe. Nilipiga dirisha, kitasa cha mlango, viatu vyangu, mkate, dirisha tena. Nilijiona mharibifu, lakini mikono yangu haikuweza kutulia. Siku ambazo maabara haikuwa na umeme, na zilikuwa nyingi, nilizunguka chumbani na kamera kama mtu anayetafuta funguo alizozishika.

Nilikuwa nimefika picha ya ishirini na tisa niliposikia kwamba mama yule amefariki. Malaria, siku tatu, katika wiki ambayo kutoka mtaani kwenda hospitali kulikuwa safari ya kuombewa. Tulimzika watu wachache. Rafiki yangu hakuweza kuvuka.

Siku ya kumi na moja nilichukua kamera kwenda studio, Buyenzi. Mtu mwingine angeirudisha filamu kwenye kopo lake kwanza. Mimi nilifikiri: zimebaki picha saba, njia ni ndefu, nitazimalizia njiani. Ndivyo filamu ilivyokuwa wazi ndani ya kamera askari alipoufungua mfuniko.

Sikuendelea na safari. Nilirudi chumbani, nikaketi na kalamu. Nilijua wepesi wa filamu ile kwa mwanga, nilijua jua la saa nne la mwezi wa sita, nilijua sekunde tisa. Kwa picha moja kilango hufunguka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kupitia tundu kama punje ya mtama. Hapa mlango mzima ulikuwa wazi. Hesabu ilichukua nusu ukurasa na jibu lake halikuwa na shaka hata kidogo. Nilipiga mistari miwili chini yake, nikaiweka kamera kwenye sanduku la bati, chini ya nguo za baridi.

Siku ya pili rafiki yangu alipiga simu kwa mwenye nyumba wangu, ambaye alikuwa na laini sebuleni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kidogo. Aliuliza jambo moja tu, kama picha ya mama ipo.

"Ipo studio," nilisema. "Inasafishwa."

Nimejitahidi kuelewa kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka nipate siku mbili za kutafuta maneno. Siku mbili zikawa wiki, na uongo una tabia ya kuhitaji matengenezo. Mwenye nyumba aliniita kwenye simu mara tatu baada ya hapo. Mara tatu nilimwomba aseme nimekwenda maabara. Ya tatu alifunika simu kwa kiganja na kuniambia kwamba maabara hiyo sasa iko chini ya kitanda changu, na kwamba siku nyingine nitasema mwenyewe kwamba sipo.

Sikuandika ukurasa hata mmoja wa tasnifu katika miezi ile. Nilianza kuogopa kengele ya simu kuliko vile vishindo vya milimani. Nilipima mambo yasiyopimika: ingekuwaje kama ningerudi Jumapili ya tatu, kama ningepita njia ya juu, kama ningesema "ni filamu tu, tafadhali" kwa sauti iliyo wazi. Kisha barua ikaja. Ndugu waliokuwa Kigoma walikuwa wamepanga siku ya kuganduka, yaani kuondoa matanga. Katika siku hiyo marehemu hutajwa, familia huvua huzuni, watu hula pamoja. Na picha yake huwekwa mezani, kwenye kitambaa cheupe, ili wanaozungumza wamwelekee mtu. Rafiki yangu aliandika kwamba meza anayo na kitambaa amekishona mwenyewe. Alimtaja msafiri wa meli ambaye angeichukua picha kwangu. Hakulaumu. Ingekuwa rahisi kama angelaumu.

Niliamua kuuza kamera. Mpangilio wa akili yangu ulikuwa huu: nisipokuwa na kamera, nitakuwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na picha. Ninauandika jinsi ulivyokuwa, kwa kuwa nimewahi kuona watu wenye akili nzuri wakifikia palepale.

Studio ya Buyenzi ilikuwa ya mjane mmoja, mama wa makamo aliyerithi kazi kwa mumewe na kumzidi. Alikaa nyuma ya meza ya kioo iliyojaa picha za vitambulisho ambazo wenyewe hawakuzirudia, mtandio umerushwa nyuma, miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu. Nilimpa kamera na kumwambia naiuza. Aliipima uzito, akachungulia lenzi, akasogeza kifundo kidogo cha kurudishia filamu. Kidole chake kikasimama. Akakisogeza tena, polepole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa mshipa.

"Iko filme mu ndani," alisema. "Unaniuzisha mbuzi na mimba yake?"

Nilimwambia imeharibika, askari aliifungua juani.

"Uliisafisha ukaona?"

Sikuisafisha. Nilianza kumweleza kwa nini: wepesi wa filamu, mwezi wa sita, sekunde tisa. Nadhani nilitaja hata nusu ukurasa wa hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imekunjwa, kama mtu anayengoja mvua ipungue ndipo avuke barabara.

"Profesa," alisema, "kule shuleni kwenu munaandikaka majibu mbele ya kupima?"

Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika sayansi na la mwisho ambalo ningetarajia kuulizwa na mtu aliyefunga miwani kwa kamba ya kiatu.

Alinionyesha kwa kidole duka la ng'ambo ya barabara, ambako majora ya vitenge yalisimama nje. "Kitenge kikikaa pale, jua linakula mukunjo wa inje. Ya ndani inabakia mupya. Filme inajizungusha vilevile. Picha yako ya kwanza iko wapi, inje ao ndani?"

Ndani. Kila picha ninayopiga huizungusha filamu juu ya zilizotangulia. Nilikuwa nimeuona mfuniko ule ukifunguka, nilikuwa nimekiona kijiti cha kuzungushia na filamu iliyokizunguka, nyeusi na nene. Nikaihesabu yote kama karatasi moja iliyotandazwa juani. Mama wa rafiki yangu alikuwa katikati kabisa. Juu yake palikuwa na vikombe, madirisha, mkate na viatu vyangu, tabaka juu ya tabaka, picha ishirini na sita ambazo nilikuwa nikijilaumu kwa kuzipoteza.

Chumba chake cha giza kilikuwa bafu lililozibwa kwa blanketi mbili. Hakuniruhusu kuingia, alisema ninapumua kwa kelele. Nilikaa kwenye benchi mchana ule, nikisikia maji yakimiminwa na yeye akihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, bila saa. Nilitamani kumwuliza joto la dawa ni nyuzi ngapi. Nilijizuia, na ninasema kwa unyenyekevu kwamba hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko lolote la kikombe.

Alitoka na filamu ikidondoka, akaibana kwenye kamba mlangoni, akaniita kwa kidevu. Upande wa chini ulikuwa mweusi tii, mweusi wa filamu iliyokula jua. Nilitazama weusi ule kwanza, kwa sababu ndio niliokuwa nimeutabiri. Nikapanda taratibu. Kwenye picha ya kumi na tano ukungu ulianza kuachia katikati. Ya kumi ilionyesha kitasa. Kwenye ya saba ulikuwa umebaki pembezoni tu, alama ndogo za matundu kama meno. Na juu kabisa, karibu na kibanio, palikuwa na madirisha matatu madogo, safi, na katika kila moja mtu ameketi kwenye cherehani.

Ninawaambia wanaoanza mambo yalivyokuwa, wala sitapamba. Ya kwanza, yenye vipimo vyote, iliutoa ukuta wazi kwa ustadi na kumwacha mtu akiwa hafifu. Nilikuwa nimepima hadi kwenye kiti, naye alikuwa ameinama mbele. Ya pili ilikuwa nzuri, ya mwanamke anayeshona, angeweza kuwa yeyote. Ya tatu ameinua uso. Mkono mmoja umetikisika, umekuwa kama moshi. Mdomo uko katikati ya neno.

"Hii ya mwisho ndio mutu," alisema mwenye studio, akairudisha miwani kifuani. Kamera alikataa kuinunua. Aliniambia ikija tena ije tupu, ama ije imejaa.

Basi, kwa aliyeniuliza atajuaje kwamba hajaharibu: hatajua akiwa amekaa. Aisafishe. Hata iliyofunguliwa, hata iliyoanguka majini, hata ile aliyoipiga mkono ukitetemeka. Apige vikombe bila kujionea haya, maana hajui bado vitamfunika nani. Na aliye na mtu ambaye anasubiri nguo nzuri, ampige leo na ya kazini, kisha arudi Jumapili.

Umeme wa studio, uliokuwa umekatika, ulirudi siku ya tatu, picha ikatoka kwenye karatasi. Niliibeba ndani ya daftari hadi kwenye kibanda cha simu karibu na posta. Nilikuwa nimeandika nitakachosema, kwa mafungu, na nilisimama nje nikikirekebisha hadi mwenye kibanda akaniuliza kama ninapiga simu au ninamwandikia rais. Nikampa namba ya duka la Kigoma. Walikwenda kumwita rafiki yangu. Nilisikia kandambili zikija kwa haraka kwenye sakafu ya saruji, na karatasi yangu yote ikawa haina maana.

"Nilikudanganya," nilisema. "Haikuwa studio. Ilikuwa sandukuni, niliamini imeungua kwa jua na sikuitazama. Sasa nimeitazama. Ninayo hapa mkononi."

Nilisikia mtu dukani kule akiuliza sabuni.

"Amevaa nini?" aliuliza.

Nilimwambia. Nguo za kazi, sindano kifuani, utepe wa kupimia shingoni. Imvutano ilikuwa kwa jirani.

"Mama angekukimbiza na mukasi," alisema, na kitu kama kicheko kikampita kooni, kikakatika. Kisha akaniomba nisiharakishe, nianze juu, nishuke, nimwambie kila kitu nilichokuwa nikikiona. Nikalifungua daftari, nikaiegemeza picha kwenye kioo cha kibanda. Nikaanza na kitambaa cha kichwani: kimefungwa kwa haraka, na upande wa kulia nywele kidogo zimetoka.